Mama Felistas na Udongo Ulio Hai wa Kemageta

Ndugu, majirani na nyote mliofika kutuliza uchungu wa nyumba hii, sehemu kubwa ya habari mtakazozisikia, hasa zile za miaka ya dhahabu, aliyezisimulia kwanza ni Mzee Okech Otiende, dereva wa idara ya mifugo aliyefanya kazi na marehemu kwa miaka mingi, naye alizisimulia tarehe 17 Julai 1999, hapa hapa nyumbani Ikoma, siku binti mkubwa wa marehemu alipokuwa anaagwa kwenda kwa mume wake. Marehemu alikuwa ameketi safu ya mbele, akamkatiza Mzee Okech mara mbili ili kurekebisha tarehe, kwa hiyo familia inaamini kwamba yale aliyoyaacha bila kuyarekebisha ni ya kweli. Habari za utoto na za shule tumezipata kwake mwenyewe, na kwa ndugu zake wa Tarime.

Felistas Mniko alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, Nyamisangura, Tarime, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Nashoni Mniko, mnunuzi wa ngozi, na Mama Ghati, aliyetokea kwa wajomba ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, ambao wengi wao wamevuka Sirari jana na tunawaona hapa leo. Mzee Nashoni alikuwa na ghala lake Bomani, na watoto wote wa nyumba ile, wa kike kwa wa kiume, walifundishwa kupaka ngozi chumvi kabla hawajafundishwa kusoma. Felistas alikuwa bado mdogo alipomuuliza baba yake ni nani hasa anayeozesha ngozi isiyotiwa chumvi, maana yeye alikuwa amechungulia kwa makini na hakuona mdudu wowote, na mzee, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akamwambia akamuulize mwalimu, mwalimu naye akamwambia akamuulize baba yake, basi swali likabaki mikononi mwa mwenyewe.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957 katika shule ya misheni hapo Tarime, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuingia shule ya sekondari ya wasichana iliyoendeshwa na masista upande wa Musoma, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1968. Ripoti zake za shule zilimsifu kwa usafi wa maandishi na kumlaumu kwa kubishana, na yeye hakuona kama hayo ni mambo mawili. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha mifugo, akiwa miongoni mwa wasichana wachache sana wa mwaka ule, akachukua fani ya malisho, na huko ndiko alikowekewa tone la maji ya udongo chini ya darubini. Alisema baadaye kwamba alipochungulia alishtuka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba alichodhani ni kitupu, akakuta harusi. Wapo wa mviringo, wapo wa fimbo, wapo wenye nyuzi ndefu zinazofumana kama sweta, na mwalimu wao aliwaambia kwamba kiganja kimoja cha udongo wa majani mazuri kina wakazi wengi kuliko watu wote wa Mkoa wa Mara. Ndipo alipojua ni nani aliyekuwa anakula ngozi za baba yake, akamwandikia kumjulisha.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1971, akapangiwa Tarime, na mwaka 1975 akahamishiwa Mugumu, katika wilaya ya Serengeti iliyokuwa bado changa, akahudumu hapo hadi alipostaafu. Wananchi walimwita Bibi Malisho, na jina hilo lilimfuata hata kanisani. Alitembea na jembe fupi la mkono, na mwanzoni alikuwa na tabia iliyowaudhi wazee, kwamba akifika bomani kwa mtu huinama kwanza, hufukua kidogo, huokota udongo na kuunusa kabla hajamwamkia mwenye boma. Mzee mmoja wa Nata alimuuliza kwa upole kama huo udongo umemzaa. Felistas alimwomba radhi, akarudi nyuma hadi langoni, akaingia upya, akatoa shikamoo, akakaa, akanywa uji, ndipo akaomba ruhusa ya kunusa, na tangu siku hiyo hakuikosea tena heshima hiyo, ingawa waliomjua vizuri waliona jinsi alivyokuwa akiumaliza uji haraka.

Tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Selestine Nyangwine, askari wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake karibu na lango la Ikoma, mtu mpole, mrefu, asiyependa mabishano, na watu walijiuliza hao wawili wataishije. Waliishi vizuri kwa zaidi ya miaka thelathini. Mungu aliwajalia watoto wanne, Dorah aliyezaliwa mwaka 1976, Nashoni mwaka 1978, Mniko mwaka 1982 na Ghati mwaka 1985, ambao wote aliwalea kwa ukali wa haki, na wote aliwafundisha kutochunga ng'ombe mahali pamoja siku mbili mfululizo.

Sasa tunafika kwenye habari ya Kemageta, ambayo Mzee Okech aliipenda kuliko zote.

Kemageta ni uwanda wa malisho wa ukoo wa Nyangwine, unaoanzia nyuma ya nyumba hii na kushuka hadi kijitoni, na wakati ule msimamizi wake alikuwa kaka mkubwa wa Selestine, Mzee Kornelio Nyangwine. Katikati ya mwaka 1989 dhahabu ilionekana kwenye kingo za kijito, na kabla ya mwezi kuisha walikuwa wamefika watu wa Geita, watu wa Kahama, watu wa Migori, wenye sululu, wenye sufuria za kuuzia wali, na wenye mashine za kusagia mawe. Mwaka uliotangulia wezi walikuwa wameswaga sehemu kubwa ya ng'ombe wa ukoo, na Mzee Kornelio aliona kwamba uwanda usio na wa kuula ni hasara, akawaruhusu wachimbaji nusu ya mashariki. Hatusemi haya kwa kumlaumu, kwa sababu mwenyewe ametuagiza tuyaseme, na kwa sababu mwaka ule hakukuwa na mtu Ikoma ambaye hakutazama chini alipokuwa anatembea.

Walichimba maduara, yaani yale mashimo yao ya wima, wakakata miti kuyaegemeza, wakaweka mwalo, ule mteremko wa mbao na magunia wa kuoshea mawe yaliyosagwa, na miguu ya mamia ya watu na punda ikapita mahali pamoja kutwa kucha. Ng'ombe waliobaki walisukumwa wote upande wa magharibi, wakala majani hadi shina kabla hayajapata nafasi ya kuinuka. Mwishoni mwa mwaka 1991 mawe yalikauka, yaani hayakutoa tena dhahabu, wachimbaji wakavunja vibanda wakaenda kwingine, mashimo yakafukiwa, na kila mtu akategemea kwamba mvua ikinyesha majani yatarudi yenyewe. Mvua ilinyesha. Maji yalitiririka juu ya ardhi ile kama juu ya sakafu, na kilichoota ni miiba ambayo hata mbuzi aliipitia mbali.

Felistas alipanda mbegu mara mbili, mwaka 1992, mbegu bora kutoka kituoni, na mara zote mbili zilichipua, zikasimama kidogo, zikageuka njano na kufa. Alifukua akanusa, akakuta udongo hauna harufu yoyote. Alimweleza mumewe jioni ile, na Selestine akamweleza Okech, kwamba majani na wale wadogo wa chini hulishana, kwa kuwa majani hutengeneza utamu juani na kuuteremsha mizizini, wa chini wakaula, nao wakasaga mizizi iliyokufa, samadi na hata chembe za mawe kuwa chakula ambacho mzizi unaweza kukinywa. Majani yakiliwa mfululizo hadi shina, mizizi nayo hufupika, utamu ukakatika, wa chini wakashinda na njaa, miguu ikikandamiza ardhi hewa hukosa pa kupita, jua likipiga udongo ulio uchi wanaungua, na pale kwenye mwalo, ambako zebaki ilikuwa imemwagwa kunasia dhahabu, hakuwa amebaki hata mmoja wa kuwalilia wenzake. Kupanda mbegu katika ardhi ya namna hiyo, alisema, ni kumhamishia mtu kwenye nyumba isiyo na jiko wala mpishi, na kumlaumu kwa kukonda.

Tarehe 16 Januari 1993 ukoo ulikaa kikao katika sebule ya Mzee Kornelio, kwa sababu kundi jingine la wachimbaji lilikuwa limeomba nusu ya magharibi, yaani malisho yote yaliyobaki. Kama ombi lile lingekubaliwa, ng'ombe wangeuzwa, na familia hii isingekuwa tena familia ya wafugaji, na pengine tusingekuwa tumeketi hapa leo. Wengi walikuwa upande wa kukubali, wakisema nusu moja imekwisha kufa na nusu nyingine inakufa, basi afadhali ife kwa faida. Felistas, ambaye kama mke wa nyumba ile hakuwa na haki ya kupiga kura, aliomba kusema, akasema kwamba nusu iliyokufa anaweza kuifufua. Walimuuliza lini. Mzee Kornelio ndiye aliyejibu kwa niaba yake, akasema masika yakiisha wazee watakwenda kutazama, na kama hapatakuwa na majani ambayo ng'ombe anaweza kuyatafuna, uwanda wote utatolewa, na shemeji asilete tena habari za vijidudu katika kikao cha watu wazima. Felistas akakubali, na Okech alisema kwamba aliposimama kuondoka hakuwa na hakika hata nusu ya ile aliyoionyesha usoni.

Mpango wake ulikuwa huu. Ng'ambo ya kijito, mwendo wa nusu siku kwa punda, kulikuwa na malisho ya Mzee Olima, ambayo hayakuwahi kulimwa wala kuchimbwa tangu enzi za baba yake, na Mzee Olima alikubali pachukuliwe udongo wa juu kidogo kidogo, madoa madoa, pasije pakaumia. Udongo huo ungeletwa Kemageta ukiwa na mabonge yake na mizizi yake, utandazwe katika vishimo vya kukinga maji, ufunikwe kwa nyasi kavu na samadi, ili wale wa chini wahamie na kuongezeka, na majani yakipata wenyeji wa kuyapokea yashike. Gari la idara lilikuwa juu ya mawe tangu Krismasi likisubiri kipuri, hivyo alimwendea Jumaa, mfanyabiashara wa Mugumu mwenye punda, ambaye miaka yote ya dhahabu alikuwa amewabebea wachimbaji mawe yao, na Jumaa akaja na vijana wake watatu waliozoea kazi ile. Felistas aliwaelekeza pa kuchota na kiasi cha kuchota, akawaambia waushushe kwa Mzee Kornelio, watu wa nyumbani wautandaze, naye akaenda Mugumu kwenye zoezi la chanjo la wiki tano alilokuwa amepangiwa. Jambo moja hakuwaambia, nalo ni udongo ule ni wa nini, kwa sababu alichoka kuchekwa.

Mizigo ilifika, ikatandazwa, ikafunikwa. Mvua ikanyesha vizuri mwezi wa tatu wote. Felistas aliporudi katikati ya Aprili alikuta madoa yaliyotandazwa yakiwa wazi kama mgongo wa mkono. Alifungua gunia moja lililosalia, akatia kiganja, na udongo ukamtiririka kati ya vidole kama sukari, mkavu, laini, safi, bila bonge, bila mzizi. Aliunusa. Alimwambia Okech wafuatane, na asubuhi ya Jumanne tarehe 20 Aprili 1993 wakashika njia ya punda kwa miguu kuelekea kwa Olima.

Waliwakuta Jumaa na vijana wake kijitoni, bado wakiandaa mizigo ya mwisho. Vijana walikuwa wamesimamisha mwalo mdogo wa mbao, mmoja anamwaga udongo wa Olima juu yake na mwingine anatia maji, na juu ya mafiga kulikuwa na bati pana ambalo udongo uliokwisha kuoshwa ulikuwa unakaangwa hadi ukauke, kama walivyozoea kukausha mawe mabichi yasije yakaziba mashine, na kando kulikuwa na chekeche. Kazi ilikuwa safi sana. Jumaa, suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, alinyanyuka akasema shikamoo mama, Felistas akaitikia marahaba, halafu akainama juu ya bati, akanusa.

"Mama, tusikufiche," Jumaa akasema. "Mtu wa serikali habebeshi punda udongo bure. Tulijua umeona kitu."

"Nimeona," Felistas akajibu. "Na mmeshakikaanga."

Jumaa akamwapia kwamba hawakupata hata chembe, na kwamba walipoona hakuna kitu waliona aibu kumletea mtu udongo mbichi wenye matope, ndiyo maana wakaukausha na kuuchekecha vizuri, ili mzigo wake ufike ukiwa na sura nzuri. Hapo Felistas akaketi juu ya gunia.

"Jumaa, udongo huu ulikuwa hai. Ulijaa wadudu wadogo kuliko vumbi, na hao ndio wanaolisha majani. Mmewaosha, mkawakaanga kama karanga, kisha mkawachekecha."

Jumaa aliangalia bati, akaangalia gunia, akamwangalia mama.

"Sasa mama, kama unahamisha wagonjwa, si ungetuambia? Mgonjwa habebwi juani."

"Ningewaambia nahamisha vijidudu, mngenibebea?"

"Tungekucheka mpaka Mugumu. Lakini tungebeba."

Mzee Okech alisema kwamba alitegemea radi, maana alimjua Bibi Malisho na uzembe, lakini aliona mabega yake yanatikisika, akadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na vijana nao wakaanza, na Okech mwenyewe akajikuta anasema yawa, yawa, kama wasemavyo Wajaluo wakistaajabu, huku machozi yakimtoka. Alipotulia alisema kosa ni la pande mbili na la kwake ndilo kubwa, kwa sababu mtu akikupa punda wake anastahili kujua punda amebeba nini. Tangu asubuhi ile, kwa miaka yote ya kazi iliyobaki, hakumtuma mtu kazi bila kumweleza sababu yake, hata kama mtu huyo alikuwa na haraka na sababu ilikuwa ndefu, jambo ambalo watoto wake wanne wanaweza kulithibitisha kwa uchungu.

Siku hiyo hiyo alipita kwa Mzee Kornelio kumweleza yaliyotokea, ingawa angeweza kunyamaza. Hakuomba kuongezewa muda. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamtania kidogo.

"Kwa hiyo shemeji, umeshindwa na sufuria."

"Bati, shemeji," Felistas akasema. "Lilikuwa bati."

Mzee akasema siku ya kutazama haibadiliki, na Felistas akasema hakuja kuibadilisha.

Masika yalikuwa yamebaki kipande. Haikuwezekana tena kugusa nusu yote ya mashariki, hivyo alichagua utepe mmoja mwembamba, kutoka njia ya ng'ombe hadi mahali palipokuwa na kibanda cha kwanza cha wachimbaji, akaacha kwa makusudi sehemu ya mwalo yenye zebaki, akisema pale pataomba miaka na pengine pasipone. Jumaa na vijana wake walibeba upya bila kuombwa mara mbili, safari hii wakikata mabonge mazima na majani yake juu, wakiyafunga kwa magunia yaliyoloweshwa, wakiondoka kwa Olima mapema kabla jua halijapata nguvu, na kupumzika penye kivuli. Njiani watu waliowauliza wamebeba nini waliambiwa ni wagonjwa, wapishwe, na utani huo ukaenea hadi sokoni Mugumu, kiasi kwamba wanawake waliokuwa wanakwenda kisimani walianza kuulizia hali zao. Mwaka ule ndipo Ikoma nzima ilipojua kwamba chini ya majani kuna wakazi, na iliwajua kwa jina la wagonjwa wa Bibi Malisho. Yeye, ambaye alikuwa ameogopa kuchekwa, aliwajibu wote, akiwaambia wanaendelea vizuri, wanahitaji kivuli na samadi. Kwa muda huo wote ng'ombe wa ukoo walilazwa katika boma la kuhamahama pembeni mwa utepe ule, siku chache hapa, siku chache pale, ili waache samadi na mkojo bila kukanyaga mahali pamoja hadi pakafa.

Jumamosi tarehe 5 Juni 1993 wazee walikwenda kutazama, na wajumbe wawili wa wachimbaji walikuwa wamekuja nao wakisubiri neno. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mengi ya kuona. Utepe ulikuwa wa kijani, majani yamesimama kufikia kifundo cha mguu, lakini ulikuwa mwembamba kama kanga iliyoanikwa, na pande zote mbili ardhi ilikuwa ile ile nyekundu, kavu, ngumu. Mzee mmoja alisema kwamba majani hayo yanamtosha ndama mmoja kwa kifungua kinywa. Wengine wakacheka, na Felistas hakujitetea, kwa sababu alilosema lilikuwa kweli.

Mzee Kornelio hakutazama majani. Alikuwa mchungaji tangu akiwa mtoto, na alichokifanya ni kuinama, akaokota bonge la samadi ya ng'ombe lililokuwa limelala pembeni mwa utepe, akalivunja. Ndani lilikuwa jeusi na lenye unyevu, limetobolewa na madundu wa samadi, na limeshikwa na nyuzi nyeupe nyembamba zilizoshuka hadi ardhini. Akatembea hatua kadhaa nje ya utepe, akaokota jingine la siku zile zile, akaligonga kwa fimbo, nalo likalia kama ubao. Alirudi akiwa na vipande vyote viwili mkononi.

"Mwaka wa pili huu naokota mavi hapa kama kuni," akawaambia wenzake. "Hayaozi. Nilifurahi moto unawaka, sikujiuliza kwa nini hayaozi. Hapa kwenye majani yameanza kuoza." Akawageukia wale wajumbe wawili. "Huku chini wamerudi watu. Nyinyi tafuteni kwingine."

Kisha akamwambia Felistas, mbele ya wote, kwamba nusu ya mashariki iko mikononi mwake na hakuna atakayeingiza ng'ombe pale bila yeye kusema, na hilo lilikuwa neno ambalo katika ukoo huu halikuwahi kuambiwa mwanamke aliyeolewa. Felistas alisema asante shemeji, halafu, kwa kuwa alikuwa yeye, akamwomba arudishe lile bonge lililooza pale alipolitoa.

Ilichukua miaka. Kila masika utepe uliongezwa, udongo wa utepe wa kwanza ukawa mbegu ya wa pili, na kufikia mwaka 2001 nusu ya mashariki yote, isipokuwa doa la mwalo, ilikuwa imefunikwa na majani. Wanafunzi wa chuo walikuja kupima, wakamsifu, naye akawasahihisha mahali pawili kisha akawakaribisha chakula. Bei ya dhahabu ilipopanda tena mwaka 2008 na wachimbaji wakarudi kuuliza, Mzee Kornelio ndiye aliyewajibu langoni, wala hawakuketishwa. Felistas alistaafu tarehe 30 Juni 2004, na hafla ya kumuaga aliikatisha mapema kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajahamishwa. Mumewe, Selestine, alitangulia mbele ya haki tarehe 11 Agosti 2006, na baada ya hapo alizungumza kidogo zaidi kuliko zamani, lakini uwandani alikwenda kila siku.

Marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari mwaka 2009, akajitunza kwa uangalifu uleule aliotunza kila kitu, hadi mwaka 2014 figo zilipoanza kushindwa. Alitibiwa Mugumu, kisha Mwanza, akarudi nyumbani, akarudi tena Mwanza, na tarehe 3 Oktoba 2015, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mwanawe Ghati pembeni, aliiaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Mwezi wa saba mwaka huu, alipokuwa nyumbani na bado ana nguvu za kukaa kitako, Mzee Kornelio alikuja kumwona, na akamwambia kwamba ukoo umekubaliana kumpa heshima ambayo hajawahi kupewa mtu, azikwe kule Kemageta, katikati ya utepe wa kwanza. Marehemu alimshukuru, kisha akasema, "Hapana shemeji. Pale tumechimba vya kutosha." Ndiyo maana kaburi mnaloliona limechimbwa hapa uani, pembeni ya mumewe, kwenye ardhi ya kufagiliwa, na wachimba kaburi walipewa maagizo yake kwamba udongo wa juu utengwe kando na urudishwe juu, nao wamefanya hivyo.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa Mugumu na wa Mwanza waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, viongozi wa kanisa na jumuiya, wafanyakazi wenzake wa zamani wa idara ya mifugo, majirani wa Ikoma na Nata waliokesha nasi, wenzetu Waislamu wa Mugumu waliotuletea maji na mahema, na wajomba waliovuka mpaka. Wale ambao hatukuwataja watusamehe, nao wajue kwamba marehemu angewataja.

Kati ya waliohusika na habari ya Kemageta, Mzee Olima alifariki mwaka 1997, Selestine mwaka 2006, na Mzee Okech Otiende mwaka 2011, akazikwa kwao Shirati. Jumaa yu hai, amekaa pale nyuma ya hema pamoja na wawili kati ya vijana wake wa wakati ule, na wa tatu yuko Kahama na ametuma salamu. Mzee Kornelio yu hai, ana miaka themanini na mitatu, na asubuhi ya leo ametembea kwa fimbo yake hadi uwandani kabla ya kuja hapa. Watoto wote wanne wako hai. Na wale wa chini ya majani, ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu, nao wako hai.

Pumzika sasa, Mama Felistas, kwa amani uliyoifanyia kazi, ng'ombe wamekwisha kuhamishwa.